Kujijengea sanduku la zana za fundi wa magari, spana moja moja

Gereji yangu iko kando ya barabara ya Tororo kwenda Malaba, mahali malori yanapoanza kupunguza mwendo yakikaribia foleni ya mpakani. Kiswahili ndiyo lugha ya kazi hapa: dereva katoka Mombasa, taniboi wake ni wa Eldoret, mwenye mzigo anapiga simu kutoka Kampala, na sisi tulio chini ya gari ni Wajopadhola, Wateso na Wasamia. Kijana anayekuja kujifunza kwangu hamalizi wiki ya kwanza kabla hajaniuliza, "Mzee, ninunue seti gani?" Namwambia asinunue seti. Anunue daftari.

Mimi nilianza na seti. Ilikuwa ndani ya sanduku la plastiki, vipande zaidi ya arobaini, vyote vinang'aa kama sufuria ya harusi. Wiki ya pili soketi ya milimita 14 ilipasuka ubavuni nikifungua bolti ya kalipa ya breki ya HiAce. Mkono ukaenda kugonga chuma, ngozi ya vidole vitatu ikabaki hapo. Vipande karibu nusu sikuwahi kuvitumia hata siku moja. Pesa ile ingenipatia spana sita za kweli, na hizo sita ningekuwa nazo hadi leo.

Hatua ya kwanza: mwezi mmoja wa kuandika

Kwa mwezi mzima, kila unapofungua bolti kwa zana ya kuazima, andika mambo matatu: gari gani, kichwa cha bolti kipimo gani, na zana uliyotumia. Usiandike bei. Bei itakuja.

Mwisho wa mwezi hesabu kila kipimo kimetokea mara ngapi. Utashangaa jinsi orodha ilivyo fupi, na jinsi inavyotofautiana na ya jirani yako. Sababu ni hii: bolti yenye uzi wa milimita 8 kwenye Toyota au Isuzu kwa kawaida ina kichwa cha 12, lakini bolti ya uzi huohuo kwenye Mercedes ina kichwa cha 13. Uzi wa milimita 10, Mjapani huupa kichwa cha 14, Mzungu huupa 16 au 17. Kwa hiyo fundi wa taksi za abiria anaweza kumaliza mwaka na 10, 12, 14, 17 na 19 bila kuikumbuka 13. Fundi wa malori ya Ulaya asiye na 13 na 18 bado hajaanza kazi.

Kama kwenu kuna matrekta, tuseme uko upande wa Kakira kwenye mashamba ya miwa, utakutana na Massey Ferguson za zamani zenye bolti za inchi. Hapo usidanganywe na macho. Nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ya 13 itaingia, itacheza kidogo, na mara ya tatu itakula kona zote za nati. Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, kwa hiyo 19 inaikaba vizuri, lakini hiyo ni bahati ya kipimo kimoja. Nunua spana za inchi zako chache, uzifunge peke yake, zisichanganyike na za milimita.

Nati za magurudumu pia ziandike. Gari dogo la Toyota kwa kawaida ni 21. Malori ya Ulaya ni 32 au 33. Malori ya Kijapani ya mtindo wa zamani yana nati ya nje ya 41 na ndani yake kichwa cha mraba cha 21, na upande wa kushoto wa lori nati hizo hufunguka kinyume. Nimeona vijana wawili wenye nguvu wakining'inia kwenye bomba, wanazidi kukaza kitu walichotaka kulegeza.

Hatua ya pili: nunua kwa mpangilio wa daftari

Anza na spana za pande mbili, zenye mdomo wazi huku na ringi kule, za vipimo vilivyoongoza kwenye hesabu yako. Ya 10 na ya 12 nunua mbilimbili. Hizo ndizo ndogo, ndizo zinazotumika zaidi, ndizo zinazoangukia ndani ya chesisi. Tena kuna kazi nyingi ambapo nati inataka spana moja na kichwa cha bolti kinataka nyingine ya kipimo kilekile.

Kisha racheti (ule mpini wenye meno ndani wa kuzungushia soketi) ya mraba wa nusu inchi na soketi za vipimo vyako, pamoja na vipande viwili vya kurefusha, kifupi na kirefu. Fundi wa pikipiki na wa magari madogo afikirie kwanza ile ya inchi tatu kwa nane, kwa sababu inaingia pembamba na haimshawishi mtu kutumia nguvu ya lori kwenye bolti ya 10. Soketi ziwe za kona sita. Za kona kumi na mbili zinaingia kirahisi mahali pabaya, lakini zinashika nati kwenye ncha ya kona, na nati iliyochakaa au yenye kutu zinaimaliza. Ya kona sita inashika ubavu.

Pamoja na racheti nunua ile baa ndefu isiyo na meno ndani, wengi wetu huiita pawa baa. Hiyo ndiyo ya kuanzia kulegeza. Racheti inakuja baadaye, nati ikishakubali. Mtu anayeanza kulegeza nati iliyoganda kwa racheti anavunja meno ya ndani, halafu analalamika kwamba racheti za siku hizi ni mbovu.

Bisibisi zinahitaji neno lao. Skurubu ya msalaba kwenye Toyota, Honda au Yamaha mara nyingi si ya Phillips, ingawa zinafanana. Ni ya kipimo cha Kijapani, JIS, na mara nyingi ina kidoti kimoja kidogo kilichochongwa kichwani. Bisibisi ya Phillips ikikazwa huelekea kupanda na kuruka nje, na kila inaporuka inachimba kichwa cha skurubu. Tafuta bisibisi ya JIS namba 2 na namba 3, utashangaa ni skurubu ngapi "zilizoshindikana" zitafunguka kimya kimya.

Plaizi tatu zinatosha mwanzoni: ya kawaida, ya mdomo mrefu, na ya kukatia waya. Nyundo ya kilo nusu, tindo moja, panchi mbili, tupa moja ya wastani, msumeno wa chuma, fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Plaizi za sekilipu, zile pete za springi za kuzuilia, za ndani na za nje, zingoje daftari lizitaje. Spana malaya, ile ya mdomo unaopanuliwa na kubanwa, nunua moja nzuri, ya kukusaidia ukiwa mbali na gereji. Umbo lake tunalolijua lilipewa hataza mwaka 1892 na Msweden aliyeitwa Johan Petter Johansson, na herufi za kampuni iliyoiuza ndizo zilizozaa jina Bahco. Ni zana ya heshima ikitumiwa ipasavyo: kaza mdomo mpaka ushike kabisa, na nguvu yako ielekee kwenye taya lisilosogea.

Hatua ya tatu: kukagua chuma kabla ya kutoa pesa

Hapa ndipo pesa inapookolewa au kupotea, kwa hiyo usiwe na haraka. Iwe ni duka la Kampala, iwe ni meza ya mitumba Busia, chukua spana mkononi na ufanye haya.

Soma maandishi. Spana nzuri ya mkono hutengenezwa kwa chuma chenye kromu na vanadiamu, na huandikwa Chrome Vanadium au Cr-V. Maandishi peke yake si ushahidi, maana hata bandia huandikwa, lakini angalia yalivyoandikwa. Yakiwa yamegandamizwa ndani ya chuma, herufi zimenyooka na kina chake kiko sawa, hiyo ni dalili njema. Yakiwa yamechapwa juujuu kama rangi, weka chini. Namba kama DIN 3113 kwenye spana ya pande mbili, au DIN 3124 kwenye soketi, ni viwango vya Kijerumani. Mtengenezaji wa kweli anajua maana yake.

Tazama mdomo wa spana dhidi ya mwanga. Nyuso mbili za ndani ziwe sambamba na laini, bila vinundu vya kromu. Kisha beba bolti mpya ya kipimo hicho mfukoni. Ndiyo, nenda dukani na bolti! Iingize. Isigome, na isicheze kiasi cha kuzunguka kabla ya kushika.

Angalia unene wa ukuta wa soketi. Ukuta ulio mnene upande mmoja na mwembamba upande mwingine utapasuka pale pembamba. Soketi yangu ya 14 ilipasuka hapohapo, niliukagua ukuta wake baada ya damu kukauka.

Racheti iweke sikioni na uzungushe polepole. Mlio uwe sawa kila jino. Ibadilishe upande mara kumi, swichi isiteleze. Uliza ina meno mangapi: yenye meno 24 inahitaji kusogea nyuzi 15 kabla ya kushika tena, yenye 72 inahitaji nyuzi 5 tu. Katikati ya injini na ukuta wa kabini, tofauti hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Kwenye mitumba usiogope uchafu wala kutu ya juu. Ogopa mdomo uliopanuka, ringi yenye ufa mdogo kama unywele, kromu inayobanduka kwa sababu makali yake hukata kama wembe, na spana iliyopashwa moto ikapindwa. Rangi ya buluu au kahawia kwenye shingo ya spana inasema ugumu wake umetoka. Spana ya zamani ya Gedore, Stahlwille, Facom au KTC iliyochafuka, mdomo wake bado uko sawa, mimi naichukua kabla ya kitu kipya nisichokijua.

Na soketi nyeupe za kromu zisiwekwe kamwe kwenye gani ya upepo, ile mashine ya kufungulia nati. Za gani ni nyeusi, kuta zake nene, chuma chake ni cha kromu na molibdeni, kimetengenezwa kuvumilia kugongwagongwa. Nyeupe ikipasuka kwenye gani, vipande huruka kuelekea macho.

Hatua ya nne: kila kitu na kivuli chake

Kwa kazi za barabarani nina mkunjo wa turubai. Lori likikwama kule msitu wa Busitema saa nne usiku, sibebi sanduku. Nilimpa fundi cherehani kipande cha turubai nene, akashona mifuko kumi na nane, kila mfuko upana wa spana yake, juu kuna kifuniko kinachokunjwa zisimwagike. Kila mfuko umeandikwa namba kwa rangi nyeupe. Nikiukunjua chini, hata kwa tochi ya simu, mfuko mtupu unajionyesha.

Gereji ina ubao. Ni plaiwudi iliyopakwa rangi ya manjano, kila zana imelazwa, ikachorwa pembeni yake, ndani ya mchoro pakajazwa nyekundu. Ukiitoa spana, nyekundu inabaki ukutani inakutazama. Mafundi wa ndege hufanya jambo la namna hii kwa sababu spana iliyosahaulika kwenye injini inaweza kuua watu. Sisi wa malori hatuna udhuru wa kuwa wavivu zaidi.

Ndani ya sanduku la chuma, panga kwa kazi na wala si kwa umbo. Zana za breki pamoja, za umeme pamoja, za injini pamoja. Zana za kupimia, yaani fila geji, venia ya kupimia upana, na toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, zikae droo yao ya juu, na kitu kizito kisiwekwe juu yake hata kwa dakika moja. Sanduku lenyewe si lazima liwe la duka. Mafundi wa kuchomelea wa Katwe, na wa kwetu hapa pia, watakuundia lenye droo kwa vipimo vyako. Waambie chini liwe na miguu ili lisikae moja kwa moja kwenye saruji.

Hatua ya tano: hesabu ya jioni

Saa kumi na moja na nusu kazi inasimama, hata kama dereva anapiga honi. Dakika kumi na tano ni za kufuta na kuhesabu. Kijana mmoja anataja, mwingine anagusa. Idadi imeandikwa kwa chaki mlangoni. Isipotimia, gari haliondoki.

Sheria hiyo niliiandika baada ya kusahau ringi ya 19 juu ya giaboksi ya lori. Lori lilikwenda Mombasa na kurudi. Wiki tatu baadaye dereva akanirudishia mkononi akisema, "Fundi, shika chuma chako, kimesafiri kuliko wewe." Aliikuta imebanwa karibu na propela shafti. Ingeteremka kidogo tu, nisingekuwa naandika haya kwa moyo mtulivu.

Kuazimisha kunahitaji utaratibu wake. Kila kijana wangu ana vizibo vitano vya soda vilivyopakwa rangi yake na kutobolewa tundu. Akichukua zana ubaoni, anatundika kizibo kwenye kivuli. Jirani akija kuazima, kizibo anatundika yule aliyempa, na yeye ndiye atakayeifuata. Tangu hapo sijawahi kusikia "sijui nani alichukua".

Weka alama yako pia. Panchi za herufi zinafaa kwenye mpini mnene wa spana, kamwe si kwenye taya wala kwenye ukuta wa soketi, maana kila alama ya kuchonga mahali pembamba ni mwanzo wa ufa. Soketi zipake mstari wa rangi.

Hatua ya sita: kupigana na kutu

Mvua zetu ni mbili, za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba, na kati yake bado hewa ina unyevu. Anayehifadhi zana kwenye kontena la chuma anajua: usiku linapoa, alfajiri jasho linatiririka ukutani. Toboa matundu ya hewa juu na chini, uyafunike kwa wavu. Tandika mpira au kitambaa kizito ndani ya droo. Gazeti linanyonya maji na kuyashika palepale kwenye spana, usilitumie.

Na toa chaja ya betri humo ndani. Betri inapochajiwa inatoa hewa yenye chembe za asidi, na zana zilizo chumba kimoja nayo hushika kutu kwa kasi usiyoielewa. Nilibadilisha kufuli, nikabadilisha kabati, nikalaumu paa, kumbe ni betri mbili zilizokuwa kona ile zikichemka kila usiku.

Kusafisha kila siku ni kitambaa kikavu, kisha kitambaa kingine chenye matone machache ya oili mpya. Narudia, mpya. Gereji nyingi hupaka zana oili iliyomwagwa kutoka injini, zikidhani mafuta ni mafuta. Oili hiyo imebeba asidi, masizi na chembe za chuma, na kuishika kila siku kunadhuru ngozi, inaweza hata kuleta saratani. Uchafu mzito osha kwa mafuta ya taa au dizeli kwenye beseni, nje penye hewa. Petroli hapana. Mvuke wake unatambaa chini na kumfikia anayechomelea mita kadhaa mbali.

Zana isiyo na kromu iliyoshika kutu nene, ilaze kwenye siki usiku kucha, asubuhi isugue kwa brashi ya waya, isuuze kwa maji yaliyotiwa magadi ya kuokea ili kuua asidi, ikaushe papo hapo na uipake oili. Ukichelewa nusu saa itarudi na kutu mpya ya rangi ya chungwa. Yenye kromu usiiloweke. Chukua karatasi ya alumini, ikunje, ichovye maji, usugue taratibu, madoa yatatoka bila kukwaruza.

Hatua ya saba: zile zinazotaka mkono wa pekee

Racheti ifunguliwe mara moja kila baada ya miezi michache, mapema zaidi kama ilianguka mchangani. Piga picha kwa simu kabla ya kutoa springi, maana springi hizo huruka. Osha meno na ulimi unaoyashika, kausha, weka oili nyepesi au grisi nyembamba kabisa. Grisi nene ya beringi hugandisha ulimi, ukavuta ukidhani imeshika, ikakuachia.

Toki renchi ni ya kukazia tu. Usiitumie kulegeza. Ukimaliza, rudisha kipimo hadi namba ya chini kabisa kwenye skeli yake, usipite hapo. Kama huna maelezo mengine ya mtengenezaji, ipelekwe kupimwa kila baada ya miezi 12 au kila baada ya kukaza mara 5,000, hicho ndicho kiwango cha ISO 6789. Ya kununua kwanza ni inayofika kama newtoni mita 200, na uinunue kabla hujapokea silinda hedi ya mtu kwa mara ya kwanza.

Tindo iliyochanua kichwa kama uyoga isagwe pembeni mpaka inyooke, maana vile vipande hukatika na kuruka kama risasi. Unaposaga makali, chovya majini kila mara. Chuma kikigeuka buluu, ugumu umekwisha. Tupa isuguliwe chaki kabla ya kazi ya alumini, chembe hazitaziba meno, na isirundikwe juu ya tupa nyingine. Fila geji ifutwe kwa oili na kufungwa, wala isitumiwe kusafishia plagi.

Mara mbili kwa mwaka ninapima midomo ya spana zote kwa venia. Iliyopanuka inatolewa ubaoni siku hiyohiyo, hata kama ni ya jina kubwa, hata kama alinipa mwalimu wangu. Haitupwi. Mwezi uliopita 17 moja ilifikia hapo. Nimeikata mpini, nimeipinda kwa gesi, sasa ni spana ya kufikia nati moja ya nyuma ya stata ya Isuzu ambayo hakuna duka linaloiuza zana yake. Inakaa ndoo tofauti, imepakwa rangi ya buluu, ili kijana asije akaivutia nati nyingine yoyote.